Sauti ya Baba na Betri Zilizochoka

Leo nimejivua nguo mbele ya kaburi la baba yangu, kwa kipaza sauti, padre akiwepo. (Suruali ninayo. Ina simenti magotini. Nasema aibu.)

Naandika hata vumbi sijanawa. Nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijijini kwetu Lisekese, maana wao wataongeza chumvi, na kisa chenyewe tayari hakiliki kwa chumvi.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni Hilari, fundi wa kompyuta na mashine za fotokopi hapa Masasi mjini. Mwaka wa sita huu naandika humu mambo ambayo mke wangu amekataza yasizungumzwe mezani. Redio za zamani. Transista. Namna ya kusafisha kichwa cha kaseti kwa spiriti na pamba. Wasomaji wangu mnafika ishirini na tatu, nikijihesabu mimi mara mbili, kwa sababu najisoma kazini na nyumbani.

Ninyi wengine mnakumbuka wiki tatu zilizopita niliweka hapa faili la sauti na maelezo marefu. Nikasema hatimaye nimeipata sauti ya marehemu baba. Mkanipongeza. Mjomba wangu wa Dar akaandika kwenye maoni, "Ndiye kabisa, nimesikia mwili kusisimka." Mmoja wenu akasema amelia ofisini.

Futeni machozi. Nitaeleza.

Lakini kwanza kuna jambo sijawahi kuliandika humu. Baba alikuwa mkulima wa korosho na mzee wa kanisa. Miaka ile mambo yalipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao hadi vijijini, na madukani vikaanza kuonekana vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Baba aliuza korosho zake, akaenda mjini, akarudi na redio kaseti mpya. Aliifunga kwa khanga nyuma ya baiskeli kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Jioni ile aliniita nimwonyeshe kitufe chekundu. Akakibonyeza, akakohoa, akaanza kuongea. Aliongea karibu nusu saa. Alitaja jina lake na la baba yake, walikotoka, mkorosho upi ulipandwa na nani. Akamalizia kwa sala. Ilikuwa kaseti pekee mle ndani isiyokuwa na nyimbo.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mpira redioni, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilitaka kumrekodi mtangazaji.

Nadhani mmeshaelewa. Niliifuta, pande zote mbili. (Mechi yenyewe iliisha bila bao.) Baba hakunipiga. Alisema, "Nitaongea tena siku nyingine." Siku nyingine haikuja, kwa sababu mimi sikumkumbusha, na msimu uliofuata alikufa. Nilikuwa bwenini, shule ya Chidya, nimelala na malaria, na nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika siku mbili nyuma.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini mtu mzima anakusanya kanda kuukuu na kuziandikia, huwa najibu kwamba ni hobi. Si hobi. Namtafuta.

Sasa, mwezi uliopita tuliamua kulijengea kaburi lake na kuweka msalaba mpya, ule wa mti uliliwa na mchwa. Nikaenda kwa mama kutafuta cheti cha ubatizo ili mwaka wa kuzaliwa tusiubahatishe. Chini ya sanduku, ndani ya mfuko wa sukari, nikakuta kaseti. Juu yake mwandiko wa mjomba mkubwa, ambaye naye ni marehemu: "Baba Hilari. Msitie nyimbo."

Nilikaa chini sakafuni.

Nikaiingiza kwenye mashine. Kelele nyingi, vumbi la miaka, halafu sauti ikaita: "Hilari yuko wapi? Mwiteni aje achote maji. Mtoto huyu kichwani ana waya tupu." Halafu kikohozi. Halafu: "Mama Hilari, chai hii umeisahau sukari, au sukari ndiyo imetusahau sisi?" Maneno ya baba, yote, neno kwa neno. Ila sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka haraka, imekwenda juu.

Mtu wa kawaida angejiuliza maswali. Mimi nina elimu. Nikawaza: betri. Betri zikiwa zimechoka wakati wa kurekodi, kanda huzunguka polepole. Ukija kuicheza kwenye mashine nzima, sauti inakimbia na kupanda juu. Na nyumbani kwetu betri hazikutupwa hata siku moja, zilianikwa juu ya bati zipigwe jua, zirudi kazini. Kila kitu kilikaa sawa. Nikaingiza sauti kwenye kompyuta, nikaipunguza kasi kidogo. Bado. Nikapunguza tena. Nikapunguza tena. Mara baba akaingia chumbani, mzito, mtulivu, mzee wa kanisa.

Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu. Nikadhani watoto wanacheza uani. Nikayasafisha, na baada ya ile ya sukari, makelele yalipozidi, nikakata bila kusikiliza zaidi. (Nilitumia usiku tatu kuyasafisha makelele yale. Kumbukeni hilo, linakuja.)

Nikampelekea mama. Nikamvalisha visikilizio, nikabonyeza. Akasikiliza kidogo tu, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikalia. Nikamwambia, "Mama, kumbe sikumpoteza." Akanishika mkono.

Basi, ndiyo leo.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, nilidhani wengi hawataacha mashamba, kumbe wameacha. Walikuja wengine moja kwa moja kutoka shambani, nywele za njano kwa unga wa dawa. Nilikuwa nimeazima spika mbili na amplifaya ya kwaya, zimeletwa kwa pikipiki mbili, na jenereta la jirani. Kwa kaburi moja. Padre alipoona nyaya akaniita kwa jina la mwanangu, akauliza, "Baba Joisi, tunaweka msalaba au tuna mkutano wa hadhara?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna jambo dogo nimeandaa.

Na watani wetu walikuwepo. Kwa msiotoka huku: kila ukoo una ukoo ambao ni watani wake, na kwenye msiba watani wana ruhusa ya mambo ambayo mwingine yeyote angepigwa kwa kuyafanya. Wanawatania wafiwa. Wanavaa koti la marehemu, wanatembea kama yeye, wanaongea kama yeye. Watu wanacheka huku wanalia, na siku inapita. Mtani wetu mkuu ni Mama Hamisi, ametoka Makote, Newala, na leo ameteremka na basi la alfajiri. Ana miaka sabini na zaidi. Nikaenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Kaburi zuri. Limeishinda uzuri nyumba ya mama yako."

Mnaona. Hata maji hajanywa.

Padre akasali, akabariki msalaba, tukaimba. Kisha akasema mtoto wa marehemu ana neno. Nikashika kipaza sauti. Jamani, nilipaswa kubonyeza tu. Lakini mnanijua. Nikaanza kueleza. Nilieleza kanda ni nini. Nilieleza kasi ya mota. Nilipofika kwenye betri, mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Betri za tochi?" Nikasema ndiyo, mzee, kubwa zile. Akatikisa kichwa kwa heshima. Jua lilikuwa linawaka, watu wamesimama, na mimi naeleza betri.

Halafu nikasema yale mengine. Nikasema niliwahi kuifuta sauti ya baba kwa ajili ya mpira. Nilikuwa sijamwambia mtu ila mama. Nikasema miaka yote hii nimebeba mzigo huo, na kwamba Mungu amenirudishia. Nikaona kina mama wanashika vitambaa. Nikabonyeza.

"Hilari yuko wapi? Mwiteni aje achote maji."

Spika zile zina nguvu. Baba alienea shamba zima. Kwenye mikorosho ndege waliruka. Watu wakatazamana. Mimi nikadhani wameguswa. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Mbona kama ana mafua?" na mwenzake anamnyamazisha. Nilikuwa nimefumba macho, nimetoa leso, machozi yanakwenda yenyewe. Baba akamaliza kuuliza habari za sukari. Kimya. Nikapangusa uso taratibu, ili kimya hicho kikae.

Kosa langu ni hapo. Programu ile, faili moja likiisha, inaenda kwenye faili linalofuata. Na faili lililofuata kwenye folda ile lilikuwa lenyewe, la mwanzo, ambalo sijalikata, sijalipunguza kasi wala kulisafisha.

"Hilari yuko wapi? Mwiteni aje achote maji!"

Sauti ya mwanamke. Wazi kabisa, kupitia spika mbili za kwaya. Na nyuma yake yale makelele niliyoyafuta usiku tatu: kicheko. Umati mzima unacheka. Halafu mwanamke yule akaacha kuigiza, akaongea kwa sauti yake mwenyewe, nayo ilitoka kama mtu aliye ndani ya pipa:

"Sitoki humu! Humu ndani pazuri, pana ubaridi. Leteni jogoo, tena mwekundu, ndipo nitoke mumzike mtu wenu."

Nikafumbua macho.

Alikuwa ndani ya kaburi. Kaseti ile ilirekodiwa siku ya kumzika baba, nikiwa Chidya na malaria. Mtani ameruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, anamwigiza marehemu, anadai jogoo wake kama desturi inavyotaka, na mjomba mkubwa amesimama juu na redio kaseti anarekodi. Nami nimemchukua mtani huyo, nikampunguza kasi, nikamwita baba, nikamlilia mbele ya padre.

Nikarukia kompyuta kuizima. Vidole vina simenti, kile kidude cha kuongoza mshale hakinisikii. Nilichofanikiwa kubonyeza ni cha kuongeza sauti.

"LETENI JOGOO!"

Kwanza alicheka mtoto mmoja. Halafu yule mzee wa betri za tochi. Halafu likabomoka lote. Padre alijifunika uso kwa kitabu cha sala, nikaona kitabu kinatikisika. Na Mama Hamisi akasimama kwenye mkeka wake, polepole, akishika kiuno, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Huyo mimi," alisema. "Na jogoo mwenyewe alikuwa amekonda."

Watu wakakaa chini kwa kucheka. Mimi bado nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasema, "Samahani, ni tatizo la kiufundi." (Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.)

Nilichomoa waya wa jenereta, nikaondoka. Sikwenda mbali, nilikwenda nyuma ya ghala la korosho nikakaa juu ya gunia tupu. Mimi si mtu wa kuogopa kuchekwa, mke wangu ananicheka kila siku na nimenenepa. Kilichoniuma si kicheko. Watu wote wale, walipomsikia tu, walijua si yeye. Mzee wa betri alijua. Aliyenong'ona habari za mafua alijua. Mimi mtoto wake, fundi wa sauti, nimemsikiliza wiki tatu kwa visikilizio vya bei mbaya na sikujua. Sauti ya baba yangu nimeisahau. Nilimfuta kwenye kaseti nikiwa mtoto, na nikamfuta mara ya pili kichwani bila hata kuona ninabonyeza nini.

Mama akanifuata. Akakaa gunia la pili.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua. Huyo jogoo nilimkamata mimi."

"Lakini siku ile ulilia."

"Nilicheka, mwanangu. Nilijifunika nisikuvunje moyo. Nililia baadaye, ulipoondoka."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Akanyoosha khanga yake magotini. "Uliniambia, 'Kumbe sikumpoteza.' Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini?"

Tukakaa tu, tukisikia sufuria zinagongana upande wa pili, watu wanapakuliwa, na kila baada ya muda mtu anasema "leteni jogoo" na kicheko kinaanza upya.

Mama akanishika mkono akanirudisha. Nikakaa kwenye mkeka pembeni, mke wangu akaniletea sahani ya wali na kuku, nikaiweka mbele yangu nikaitazama. (Walichinja majogoo, naam. Walifanya makusudi.) Mama Hamisi akajisogeza hadi ubavuni kwangu. Nilitegemea anichane. Ana haki, na ni kazi yake.

"Umemfanya baba yako dume la nyati," alisema. Lakini alisema chini chini, kwangu peke yangu. "Hakuwa na sauti ile."

"Alikuwa na sauti gani, mama?"

"Nyembamba. Hukumbuki? Akiita kutoka ng'ambo ya shamba tulidhani ni mkewe. Kanisani, kwenye kwaya, walipomweka na wanaume akawa anapotea, wakamsogeza karibu na kina mama. Hakuona vibaya, yule. Alikuwa anaimba."

Nikamwangalia. "Kwa hiyo ile ya pili, ile isiyopunguzwa..."

"Ile ndiyo karibu. Na hiyo nayo niliilegeza kidogo. Mama yako alikuwa amesimama pale juu, nisingeweza kumfanyia kamili."

Jamani, huo uzito nilimpa mimi. Nilitaka baba mwenye sauti nzito, nikageuza kitufe mpaka nikampata. Na yeye alikuwa mtu wa sauti nyembamba aliyesimama karibu na kina mama na akaimba.

Mama Hamisi akaitazama sahani yangu, wali umeanza kukauka. Akageuza uso upande, akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha mtu mwenye vumbi la salfa kifuani. Halafu, bila kunitazama:

"Hilari. Umekula?"

Sijui niwaandikie vipi. Hakuna spika, hakuna kelele. Nilikuwa nimerudi kutoka shule, begi liko mlangoni, na baba yuko uani anafua shati lake la Jumapili. Mdomo wangu ulijibu kabla yangu mimi.

"Bado, baba."

Nilisema kwa sauti. Watu wa mikeka yote mitatu walisikia. Mtu mwenye miaka thelathini, mwenye mke na mtoto na blogu, anamwita bibi wa Makote baba. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Mke wangu alisimama na upawa mkononi. Mama akainama, akawa anatafuta kitu kwenye mkeka ambacho hakikuwepo.

"Basi kula," ikasema ile sauti.

Nikala. Nililia na nikala, na Mama Hamisi akarudi kuwa Mama Hamisi, akachukua paja langu la kuku akisema mfiwa hali nyama mbili. Saa kumi alipanda gari la kurudi Newala.

Faili la wiki tatu zilizopita nimeliondoa. Mliolia, naomba radhi, mlimlilia mama wa watu naye yu hai na ana hamu nzuri ya kula. Mjomba wa Dar, wewe tutaongea. Mahali pake nilitaka niwawekee ile sauti ya leo, ile ya "umekula", ndipo nikaingiza mkono mfukoni. Kinasa sauti kilikuwa kwenye mfuko wa shati, chaji imejaa, na simu yenye kurekodi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Sikuwasha hata kimoja. Leo niacheni kidogo, nichekeni kesho.